Kazi Yangu Ilikuwa Kufundishwa

Mwaka ule tulikula ming'oko mpaka watoto wakaacha kuuliza leo kuna nini. Ming'oko asubuhi, ming'oko jioni, mizizi ile ya porini unayoichimba umepiga magoti mpaka bega linaingia shimoni, ukitoka umepata kikapu kimoja na kucha zimevunjika. Halafu, kabla ya mvua, malori yakaleta unga wa njano. Ugali wake haukushikana. Ukiufinya unakutawanyikia mkononi kama mchanga, na harufu yake ilikuwa ya gunia. Basi mkiniuliza nilianza kazi mwaka gani, mimi tarakimu sina. Nilianza mwaka wa ming'oko, ule ulioishia na unga wa njano. Mtu wa rika langu akisikia hivyo hahitaji kalenda.

Zainabu, mjukuu wangu, wewe ndiye uliyenichokoza niandike. Likizo iliyopita ulikuja na karatasi za chuo, ukakaa barazani unaweka alama za vema mbio mbio kama kuku anayedonoa mtama. Nikakuuliza, "Unafanya nini?" Ukasema, "Bibi, tunawapima walimu wetu. Wakubwa wa chuo wanataka kujua kama tumefundishwa vizuri." Nikakuuliza mbona maswali huyasomi. Ukacheka. "Aa, Bibi, wote tunawapa nzuri sana. Ya nini kumharibia mtu kazi?"

Siku ile sikukujibu kwa sababu mboga ilikuwa motoni. Jibu langu ni hili. Ni refu, na ninyi wenzake Zainabu mnaosomea ualimu kaeni mlisikie, maana mimi Somoe binti Namwawa nilikuwa kwenye kazi hiyo hiyo kabla baba zenu hawajaota meno. Kazi yangu ilikuwa kufundishwa. Na nikishafundishwa, kwenda mbele ya wakubwa kusema kama nimefundishwa au la.

Jumbe alipita kwetu Nambambo na tangazo. Alisema pale Nachingwea, kwenye mabanda ya bati yaliyoachwa na Wazungu wa mashamba makubwa ya karanga, kimefunguliwa kituo cha vijana wanaojifunza kufundisha watu wazima kusoma. Vijana hao tuliwaita wanagenzi, watu waliokuwa wanaanza kazi. Fundi cherehani huanza na kitambaa kibovu, na wao walihitaji kitambaa. Kitambaa chenyewe ndicho sisi. Walitakiwa wanawake wasiojua kusoma hata herufi moja.

Mume wangu alicheka mpaka akakohoa. "Wanatafuta wasiojua kitu? Leo mke wangu kapata cheo!"

Nikamwambia, "Mume wangu, cheo ni cheo. Wewe chako kiko wapi?"

Masharti yalikuwa mawili: uwe hujui kusoma, na usiwe na aibu ya kukosea mbele ya vijana. La pili nilizaliwa nalo. Nikaenda. Walitupa chai ya sukari kila tukifika, na kila mwezi kipande cha sabuni. Msicheke. Mwaka wa unga wa njano, chai ya sukari ilimtoa mtu Nambambo kwa miguu na mtoto mgongoni.

Mwanagenzi wetu wa kwanza aliogopa mpaka chaki ikamponyoka na kuvunjika mara tatu. Nyuma yangu alikaa Fatu, Mmakua mmoja mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto, na ndiye aliyekuja kuwa shoga yangu. Akampigia kelele: "Mwalimu, chaki haing'ati, ishike!" Darasa zima likaangua kicheko, na yule kijana naye akacheka, na kuanzia hapo akaweza. Huyo alikuwa mwalimu. Sikujua wakati ule kwamba nimemwona mwalimu, maana sikuwa na wa kumlinganisha naye. Mpaka msimu ulipokwisha nilikuwa nasoma majina ya vituo kwenye ubavu wa lori. Fatu yakampita, maana muda mwingi wa msimu ule alikuwa kwao akiuguza.

Na hapo ndipo uongo wangu ulipoanzia. Kwa sheria ya kituo, aliyejua kusoma alitakiwa kwenda zake ampishe asiyejua. Lakini nani aache chai, sabuni, na soga za Fatu? Nyumbani kulikuwa na jembe tu linaningoja. Msimu wa pili akaja mwanagenzi mwingine asiyetufahamu, akauliza nani anajua kusoma hata kidogo, nami nikatazama miguu yangu kama mwali. Nikafundishwa herufi *a* upya. Msimu wa tatu nikafundishwa tena. Mwanamke gani mwingine unayemfahamu aliyefundishwa *a* mara tano na vijana watano, na kila mara akashangaa kwa heshima?

Ila niwaambie faida yake. Ukifundishwa kitu unachokijua, macho yako yanabaki huru, na wewe unamtazama mwalimu. Mimi niliwatazama. Nikajua mwalimu mzuri akishauliza hunyamaza. Hajijibu mwenyewe kwa kuogopa ukimya. Nikajua mwalimu mbaya hupenda wale wawili wa mbele wenye mikono myepesi, akiona wamenyoosha anasema, "Mmeelewa wote," na kumi wa nyuma wanaitikia, "Ndiyo," kwa kuwa huo ndio ustaarabu. Nikajua ukitaka kumpima mwalimu usimtazame yeye, mtazame mwanamke wa mstari wa nyuma anayenyonyesha. Akimsogeza mtoto titi la pili bila kuondoa macho ubaoni, mwalimu huyo mpeni cheti. Na mtazameni anavyofuta ubao. Mwenye haraka ya kufuta anaficha jambo.

Vyeti vilitolewa na baraza la walimu watatu. Mkubwa wao alikuwa Mwalimu Gama, Mngoni mrefu aliyevaa koti hata jua la saa saba. Wa pili alikuwa mwanamke wa Kizungu aliyekuja kwa gari kutoka Lindi kila msimu ulipokwisha, tukimwita Bibi Miwani. Wa tatu alikuwa mzee wa vitabu, aliyependa kusinzia. Hao watatu walikaa kwenye meza, sisi tunaingia tumeshika kitabu, mwanagenzi anatoa jasho pembeni, na sisi tunasoma kwa pamoja ukurasa tuliofundishwa. Tukisoma vizuri, kijana anapata cheti na kupelekwa kijijini kufundisha. Tukishindwa, anarudi kwao.

Mnaona walivyotuachia kisu mkononi? Kazi ya mtoto wa watu ilikuwa kinywani mwetu. Na sisi tulilelewa kwamba mgeni haaibishwi mbele za watu. Mtu amekuja kwenu, amekusalimu shikamoo mama kila siku, ameshika mtoto wako ukifunga nguo. Leo umwache aumbuke? Tutaanzia wapi kumtazama?

Basi msimu wa tatu akaja Issa. Mpole, mcha Mungu, ukikohoa anakuuliza umelalaje. Lakini kufundisha, hapana. Alisema na ubao kutwa nzima, akitupa mgongo, utadhani yeye na ubao wamechumbiana. Siku za baraza zilipokaribia, hakuna aliyejua kitu ila mimi na mwenzangu mmoja wa zamani. Tukafanya shauri la wanawake. Nikawasomea ule ukurasa, wakaukariri kwa mapigo ya mchi, kama tunavyotwanga watu watatu kinu kimoja: huyu anatua, huyu anainua. Siku ya baraza tulisoma kwa sauti moja mpaka bati likaitikia. Bibi Miwani alipiga makofi. Issa akapata cheti chake, akalia, nasi tukampigia vigelegele mpaka nje. Tuliona tumefanya wema mkubwa.

Wakampeleka Likunja, kule upande wa Ruangwa. Na Likunja ndiko alikoolewa dada yangu Mwanahawa.

Dada yangu alikuwa na sababu yake ya kutaka kusoma. Mumewe alikuwa kwenye mashamba ya mkonge kule Tanga, mwanawe mkubwa yuko shule ya mbali, na barua za mume zilisomwa na karani wa jumbe, kwa sauti, barazani, mbele ya wote waliokuja kuleta mashauri yao. Hata maneno ya mume na mke yalisomwa hivyo. Wanaume wakiguna, dada ameinamisha kichwa. Aliposikia amekuja mwalimu mwenye cheti, alikuwa wa kwanza kukaa chini.

Nilikwenda kumtembelea baada ya mavuno ya ufuta. Nikakuta barua imechomekwa kwenye ukuta wa nyumba, haijafunguliwa. Nikamwuliza, "Dada, darasa vipi?"

"Nimeacha."

"Kwa nini?"

"Kichwa changu ni jiwe, Somoe. Nilikaa miezi mitatu, hakuna kilichoingia. Mwalimu mwenyewe amesema vichwa vya sisi wanawake wa Likunja ni vya jiwe. Na yeye anajua, ana cheti."

Ana cheti. Cheti kile nilikitengeneza mimi, kwa mchi na kinu. Nikamsomea barua yake chumbani tukiwa wawili, nikarudi kwangu, na sikumwambia. Hilo ni kosa la pili, na ni baya kuliko la kwanza.

Msimu wa nne niliumbuka mwenyewe, na hapa mnaruhusiwa kucheka. Vitabu vilikuwa vimelala sandukuni masika yote, mchwa wakavila. Siku ya baraza Bibi Miwani akasema leo asome mmoja mmoja. Akaniita mimi. Ukurasa ule nilikuwa nimefundishwa mara nne. Sikuhitaji kuutazama. Nilisimama na kitabu, nikamkazia yeye macho, nikausoma kwa madaha tangu juu mpaka chini. Nilipomaliza, nikangoja makofi. Mwalimu Gama akanyanyuka, akakichukua kitabu mkononi mwangu, akakigeuza wote wakione. Nusu nzima ya chini haikuwepo. Palikuwa na tundu unaloweza kupitisha ngumi.

"Binti Namwawa," akasema, "umetusomea hata chakula cha mchwa."

Hata yule mzee wa vitabu alizinduka kwa kicheko. Gama akaandika kwamba mimi bado sijui kusoma, nirudie. Nikatoka nje nimejifunika kanga usoni. Wakadhani nalia, kumbe nacheka, nimepata msimu mwingine wa chai kwa mkono wa baraza lenyewe.

Lakini Gama hakuwa mjinga. Kuanzia siku ile alibadili njia. Mwanagenzi wa msimu ule alipimwa upya, na kukawa hakuna tena ukurasa wa kitabu wala kusoma kwa pamoja. Baraza litaita wanawake watatu, mmoja mmoja. Kila mmoja ataandikiwa ubaoni maneno ambayo hayamo kitabuni. Halafu ataulizwa amefundishwa na nani, ajibu kwa kinywa chake, na jibu lake litaandikwa. Wakishuhudia wawili kati ya watatu, kijana anapata cheti. Njia nzuri sana. Ilikuwa na tundu moja tu, na tundu lile lilikuwa mimi: maana njia yao ilidhani kila anayesoma leo, alikuwa hajui jana.

Msimu wa tano, mwanagenzi aliyeingia mlangoni alikuwa Rashidi, mtoto wa kwanza wa dada yangu Mwanahawa.

Mtoto wa dada yangu ni mwanangu. Hilo kwetu halina mjadala. Nilimbeba mgongoni nikiwa sijavunja ungo. Aliponiona nimekaa na kibao changu alicheka kwa macho, maana alijua vizuri kwamba mimi nasoma. Mama yake alikuwa amemweleza kwamba barua ya baba yake niliisoma mimi. Wakati wa chai akaninong'oneza, "Mama mdogo, kumbe na wewe mwanafunzi!"

"Nyamaza," nikamwambia, "fundisha."

Alikuwa na mwandiko mzuri kama maua ya kanga, na nywele amezichora njia kwa kitana. Alijua hadithi na vichekesho. Darasa lilimpenda. Lakini kufundisha alifundisha wawili wa mbele, na waliobaki akawachekesha. Nikamwambia si mara moja wala mbili: "Mwanangu, kina Fatu hawajaelewa."

"Mama mdogo, usihofu. Mmoja wa mbele yupo, na wewe upo. Wawili kati ya watatu."

Nikakereka, lakini nikanyamaza tena. Nina kipaji cha kunyamaza pale pasipotakiwa.

Siku ya baraza ikafika. Wakamwita yule wa mbele, akasoma vizuri, akasema amefundishwa na Rashidi. Ni kweli. Wakamwita Fatu. Waliandika neno *kisu*. Fatu akalitazama, akasogea, akarudi nyuma, akainamisha kichwa upande kama kuku.

"Mwalimu," akasema, "kitu hiki nakiona, lakini hakiniambii jina lake."

Wakacheka mezani. Fatu naye alicheka pale mbele yao. Alipotoka nje tulipokuwa tumekaa kwenye gogo, hakucheka tena. Mwanamke yule ambaye sikupata kumwona akikosa la kusema alikaa, akachukua ukindu wake, akausuka mara mbili, akausukua.

"Shoga," akaniambia, "wewe ulikuwa hapa na mimi siku zote. Kila msimu nyuma. Kumbe mimi kichwa changu ni jiwe?"

Neno lile lile la dada. Na kabla sijamjibu, nikaitwa mimi. Mmoja kasema ndiyo, mmoja kashindwa. Cheti cha mwanangu kilibaki kwangu.

Wakaniandikia *ufuta*. Nikasoma. Wakaniandikia *kuni*, nikasoma. *Jembe lina mpini mpya*: nikasoma bila kupumzika. Bibi Miwani akatabasamu mpaka miwani ikapanda. Mwalimu Gama akainama mbele.

"Haya, binti Namwawa! Msimu jana ulisoma tundu la mchwa, leo unasoma kama karani wa bomani. Basi sema kwa kinywa chako, iandikwe. Rashidi amekufundisha?"

Rashidi alikuwa mlangoni, mkono mmoja kwenye mhimili. Alikuwa ameshaanza kutabasamu. Na nyuma yake, nje, nilimwona Fatu anasuka na kusukua.

Nikasema, "Sijafundishwa, na sitasema nimefundishwa."

Mzee wa vitabu akafungua macho. Gama akasema, "Na hayo uliyosoma?"

"Nilikuwa nayajua kabla huyu hajafika. Mwalimu, mimi nimekaa banda hili misimu mitano nikijifanya sijui. Aliyenifundisha ni yule kijana wa kwanza aliyekuwa akivunja chaki. Waliobaki nimewanywea chai."

"Mmwera wewe! Umetunywea chai miaka yote hii?"

Wangoni na sisi ni watani, na mtani hujibiwa hapo hapo. "Babu zako walimaliza mtama wa maghala ya babu zangu," nikamwambia, "na hatujaja kudai. Chai ndiyo ya kudai?"

Alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Akaweka kalamu chini. "Unajua unalolifanya? Kijana anarudi nyumbani mikono mitupu. Na wewe hutakaa tena darasani, maana umesema mwenyewe kwamba hukustahili. Neno lako siliandiki leo. Baraza litakaa tena kesho saa mbili asubuhi. Nenda kafikiri."

Hapa nisimame kidogo, maana najua mtauliza ikawaje baadaye, na sipendi mtu anisome huku anahangaika. Nilitolewa darasani. Msimu mzima nililima muhogo Nambambo sina chai wala sabuni. Halafu Mwalimu Gama akatuma mtu niende. Akaniambia baraza linataka mtu wa kukaa nyuma ya kila darasa, asifundishe wala asifundishwe, atazame tu, na msimu ukiisha aje aseme alichokiona. Na kabla darasa halijaanza awajaribu wanawake wanaoingia, ili asipatikane Somoe mwingine. Kazi hiyo niliifanya miaka, Nachingwea na Ruangwa, mpaka Nkowe nilikuwa nikifika kwenye kibebeo cha baiskeli. Wanagenzi waliniogopa kuliko Bibi Miwani. Rashidi alirudia msimu, akafundisha mpaka mstari wa nyuma, na Fatu akasoma *kisu* na vingine vingi. Rashidi hakuwahi kunishukuru, nami sikuwahi kungoja. Lakini siku ile ninayowaambia, hayo yote hayakuwepo. Siku ile nilikuwa na dada yangu nyumbani.

Ndiyo, Mwanahawa alikuwa amekuja. Alikuja kwa lori tangu Likunja kuona mwanawe akipata cheti, ameleta jogoo na ufuta wa kukaanga. Niliporudi kutoka mjini alikuwa ameshajua, Rashidi alitangulia. Jogoo alikuwa bado amefungwa mguu kwenye nguzo. Hakuna aliyetaka kumchinja.

"Shikamoo, dada."

Hakuitikia. Alikuwa anapepeta mchele ambao haukuwa na pumba.

"Somoe, huyu si mwanao?"

"Ni mwanangu."

"Ulimbeba mgongo upi?"

"Huu huu."

"Basi kesho utakwenda kusema neno moja. Moja tu. 'Amenifundisha.' Hukuombwa ushahidi wa damu. Mtoto akirudi bila cheti, baba yake atasema nini kule mkonge? Watu wa Likunja watasema nini? Watasema mama jiwe, mtoto jiwe."

Hapo nilikaa chini. Nilijua saa ile nikinyamaza tena, basi nitanyamaza mpaka nazikwa.

"Dada, wewe kichwa chako si jiwe. Sikiliza. Issa, yule aliyewafundisha Likunja, alipita hapa kwetu. Hakujua kufundisha. Sisi tulijua hajui. Tukakariri, tukasema tumefundishwa, akapewa cheti, akaja kwenu. Mimi ndiye niliyewakaririsha wenzangu. Ungempata mwalimu ungesoma. Barua zako ungezisoma mwenyewe."

Aliweka ungo chini.

"Miaka miwili," akasema. "Miaka miwili najiita mjinga."

"Ndiyo."

"Na ulikuwa unajua. Ulikuja kwangu, ukala kwangu, ukanisomea barua, ukajua."

"Ndiyo, dada."

Nilidhani atalia. Mwanahawa si mtu wa kulia. Alisimama, akafunga kanga kiunoni kama mtu anayekwenda kupigana.

"Kwa hiyo mtoto wa watu ulimsemea uongo akapata. Mwanangu mimi ndiye unayemwonea ukweli! Uongo wote uliutumia kwa wageni, nyumbani umetuletea haki!"

Zainabu, neno lile lilikuwa kweli. Nilifikiri nisiende, nijifanye mgonjwa. Nilifikiri niseme ndiyo kwa huyu mmoja, halafu nitubu. Kila njia niliyoishika ilinipeleka kwa mwanamke fulani wa kijiji fulani, amekaa chini mbele ya mwanangu mwenye mwandiko mzuri, anaambiwa kichwa chake ni jiwe na mtu mwenye cheti.

Nikamwambia dada, "Kesho njoo na wewe. Usisimuliwe. Usikie mwenyewe."

Alikuja. Tulitembea yeye mbele, mimi nyuma, umande unatulowesha miguu. Kituoni wenzangu wote walikuwa wamekwishafika. Rashidi safari hii alikuwa amekaa ndani, kwenye kiti, nywele hajachana. Dada akasimama mlangoni. Walimu watatu walikuwa mezani na hakuna aliyesinzia.

Mwalimu Gama alikuwa mtu mwema, na wema wake ndio ulionipa taabu. Alisema taratibu, "Binti Namwawa, karatasi ya jana ni hii, ni nyeupe. Ukibadili neno, hakuna atakayekuuliza la kwanza lilikuwa lipi. Wewe unabaki darasani na wenzako. Kijana huyu ni mwanao, nimeambiwa. Mama yake yule pale. Nakuuliza mara ya mwisho: Rashidi amekufundisha?"

"Mama mdogo," Rashidi akasema, chini chini, kama alipokuwa mdogo akitaka nimbebe.

Dada alikuwa ananitazama kinywa.

Nikasimama, nikakaza kanga yangu, nikasema kwa sauti ya kufika mpaka kwenye gogo alipokaa Fatu:

"Sijafundishwa, na sitasema nimefundishwa."